Premio otomatiki inachelewa kushika gia, fundi anataka kushusha giaboksi. Naombeni macho yenu kabla sijatoa hela (Mtwara)

KoroshoGhafi (#1)

Wakuu, poleni na majukumu. Niko Mtwara mjini, Chuno. Nina Premio ya zile za kwanza, NZT240, injini 1NZ, otomatiki ya gia nne. Niliinunua mkononi kwa mtu, huu mwaka wa tatu, na haijanidai kitu zaidi ya oili ya injini na bushi.

Jumamosi ya wiki iliyopita tulikuwa tunapanda Newala kwenye msiba, watu wanne na mizigo nyuma. Kwenye kupanda, mshale wa RPM ukaruka kutoka 2,500 mpaka karibu 4,000. Injini inalia, gari haiendi. Ni kama mtu anayekimbia kwenye mchanga wa pwani, miguu inachapa mwili uko palepale. Nikaachia mafuta, ikashika kwa kishindo mpaka shangazi huko nyuma akapiga shahada.

Tangu siku hiyo, asubuhi nikitoa P kuweka D inakaa kimya. Nahesabu moja, mbili, tatu, ndipo inashika na "gdu!". Rivasi hivyohivyo. Tambarare inakwenda vizuri tu, hata Mikindani naenda na kurudi bila shida, ila ikishapata moto na ikaona mlima, mshale unaanza kucheza. Halafu kuna mlio mwembamba, kama mbu sikioni, unapanda na kushuka na raundi za injini.

Nimeipeleka gereji moja hapa mjini. Fundi kafungua boneti gari ikiwa imezimwa, kachomoa kijiti cha giaboksi, kakifuta kwenye ovaroli yake, kakichovya tena, kasema: "Oili imejaa. Hapa klachi za ndani zimekwisha, tushushe, tuagize nyingine Dar." Giaboksi ya mtumba milioni moja na laki nne, ufundi laki mbili na nusu. Hakukaa na gari hata dakika kumi.

Hela ya korosho bado haijaingia, na hata ikiingia ina watu wake. Wanaojua, ni klachi kweli, au kuna vitu vya kupima kwanza?

Ming'oko Mibichi (#2)

Mkuu hapo unapigwa kangomba. Korosho bado ziko mtini, mtu kashakukadiria bei.

Tandahimba Kwanza (#3)

Usihangaike. Mwaga hiyo oili, weka haidroliki yoyote nyekundu, zote baba yao mmoja. Mimi Corolla yangu naweka ile ya stelingi, mwaka wa nne huu, inadunda tu.

Dereva Mstaafu (#4)

Kabla watu hawajakujazia ushauri, jibu haya. Taa ya O/D OFF (ya kuzima gia ya juu) kwenye deshibodi inapepesa yenyewe? Cheki injini imewaka? Imetembea kilomita ngapi? Oili ya giaboksi ilibadilishwa lini? Na kubwa kuliko yote: ni kitu gani kilifunguliwa kwenye hiyo gari miezi ya karibuni, hata kama unaona hakihusiani?

KoroshoGhafi (#5)

Asante mzee. O/D OFF haipepesi, nikibonyeza kitufe inawaka na kuzima kawaida. Cheki injini haijawaka. Kilomita 178,000 na ushee, kama hazijachezewa. Oili ya giaboksi mimi sijaigusa, aliyeniuzia alisema "ipo poa".

Kilichofunguliwa: mwezi wa nane rejeta ilipasuka nikiwa Mnazi Mmoja natokea Lindi. Fundi wa palepale akanifungia ya mtumba, nikaendelea na safari. Tangu hapo haijachemsha. Ila kweli sakafuni nyumbani kuna doa upande wa mbele, nilijua ni maji ya AC.

Mzee wa Konveta (#6)

Maji ya AC hayaachi doa, kijana wangu.

Salaam kwenu. Mimi niko Lindi, Mitwero. Nimeshusha na kupandisha giaboksi Gerezani pale Kariakoo miaka kumi na mbili kabla ya kurudi nyumbani, kwa hiyo nivumilieni nikiandika kirefu.

Huyo fundi kosa lake la kwanza ni kupima oili ya giaboksi gari ikiwa imezimwa. Oili ya injini unapima injini imezimwa, sawa. Ya giaboksi ya Toyota unapima injini inawaka. Ndani ya giaboksi kuna pampu inayozungushwa na injini. Injini ikiwaka, pampu inavuta oili kutoka sampo (bakuli la chini) na kuisambaza kwenye konveta (inayounganisha injini na giaboksi kwa oili), kwenye njia za valvu bodi (inayogawa oili kwenye gia), na kwenye bomba za kwenda rejeta. Ukizima, sehemu ya ile oili inarudi chini na kijiti kinasoma juu. Kwa hiyo gari yenye upungufu wa lita nzima inaweza kukuambia "nimejaa" ukiiuliza ikiwa imelala. Honda wao wana utaratibu wao, wanapima baada ya kuzima, lakini hapa tunaongelea Premio.

Fanya hivi. Endesha kama nusu saa, Chuno mpaka Naliendele na kurudi, ipate moto sawasawa. Paki pasipo na mwinuko. Hendibreki juu, mguu kwenye breki, injini inawaka. Pitisha mkono kwenye gia zote taratibu, P, R, N, D mpaka L, kila moja sekunde mbili tatu, urudi P. Usizime. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichoachia nyuzi. Ovaroli sio kitambaa, na pamba ya gereji ndiyo mbaya zaidi, uzi mmoja ukiingia kwenye valvu bodi una kazi. Kichovye mpaka mwisho, kichomoe, usome pande zote mbili na uamini upande unaosoma chini zaidi. Utaona alama mbili, COOL na HOT. Sasa hivi inayokuhusu ni HOT.

Kisha dondosha tone moja kwenye tishu nyeupe, uache dakika tano. Likitanuka likiwa jekundu au waridi, oili ina uhai. Kahawia ya chai ya rangi, imechoka ila inaongea. Nyeusi yenye punje katikati na harufu ya chapati iliyoungua, hizo ni klachi zenyewe zimo kwenye tishu. Na ikiwa kama maziwa ya stroberi, yaani waridi zito lenye ukungu, zima gari hapohapo usiiwashe tena, kwa sababu maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi.

Hili la rejeta ndilo limenikalisha. Rejeta za gari hizi zina kipoza oili humohumo kwenye tenki la chini. Mbele utaona hosi mbili nyembamba zinaingia na kutoka, hizo ni za giaboksi. Aliyekufungia rejeta Mnazi Mmoja lazima alizichomoa, na oili ilimwagika. Swali ni je, aliirudishia? Na klipu alizorudisha ni zilezile zilizolegea?

Mwisho, pima kuchelewa kwa saa ya simu. Gari ya moto, AC imezimwa, iko sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), breki umekanyaga. Kutoka N kwenda D mpaka usikie imeshika: Toyota wanataka isizidi sekunde 1.2. N kwenda R isizidi 1.5. Rudia mara tatu, pumzisha dakika moja katikati. Wewe unahesabu tatu, kwa hiyo presha ya oili inachelewa kujaa. Klachi zilizokwisha zinaweza kufanya hivyo. Oili pungufu nayo inafanya hivyohivyo. Na ule mlio wa mbu mara nyingi ni pampu inavuta hewa au chujio limeziba. Kupima oili ni bure, kushusha giaboksi ni milioni. Anza na cha bure.

BintiMikindani (#7)

Nimecheka hapo kwa ovaroli. Mimi Raum yangu iligoma kutoka P asubuhi nikiwa nampeleka mtoto zahanati. Nikaambiwa giaboksi imejifunga, tuite breakdown. Baba mmoja jirani, dereva wa malori ya saruji, akaniambia kanyaga breki nione taa za nyuma. Haziwaki hata moja. Kumbe swichi ya taa za breki, ile iliyo juu ya pedeli, ilikufa, na gari isipojua kama umekanyaga breki haikuruhusu kutoa P. Akabonyeza kale katundu kadogo pembeni ya gia kwa ufunguo, ikatoka. Swichi mtumba elfu kumi na tano.

Mzee wa Konveta (#8)

@BintiMikindani hiyo nimeiona mara nyingi mno. Kama taa haziwaki, fyuzi ya taa za breki nayo iangaliwe kabla ya kununua swichi.

Nangurukuru Junction (#9)

Mzee samahani naingilia uzi wa watu. Spacio yangu ikifika 70 mpaka 80 kwenye lami, nikiwa nimekanyaga mafuta kidogo tu, inatetemeka kama inapita kwenye matuta madogomadogo. Chini ya hapo hakuna kitu, nikikanyaga zaidi inaacha. Nimeambiwa konveta.

Mzee wa Konveta (#10)

Inawezekana, ila usikubali kwa maneno. Kwenye mwendo huo konveta inajifunga, yaani injini na giaboksi zinakuwa kitu kimoja badala ya kusukumana kwa oili. Klachi ndogo ya kujifunga ikichoka, au oili ikichoka, ndipo inatetemeka hivyo.

Tafuta barabara nyoofu isiyo na mtu nyuma yako, mchana. Ikianza kutetemeka, usiondoe mguu wa mafuta, gusa breki kwa mguu wa kushoto kidogo sana, taa za breki ziwake tu, gari isipungue mwendo. Taa zikiwaka kompyuta inaifungua konveta papo hapo. Mtetemo ukikatika sekunde hiyohiyo, shida iko kwenye konveta na oili. Ukiendelea vilevile, iache giaboksi, nenda kwenye plagi na koili. Misi ya injini (silinda moja kukosa kuwaka) kwenye mzigo mdogo inafanana na konveta kama mapacha, na nimeshaona watu watatu wakishushiwa giaboksi kwa sababu ya koili moja.

Nangurukuru Junction (#11)

Nimejaribu leo nikielekea Somanga. Nimegusa breki, taa zimewaka (mwenzangu alikuwa nyuma na pikipiki anaangalia), mtetemo haujakatika. Nimehamisha koili ya silinda ya pili kwenda ya tatu, na misi imehama nayo. Koili. Mzee, Mungu akuweke.

Tandahimba Kwanza (#12)

Sasa mbona mimi na haidroliki ya stelingi sijawahi kupata shida? Mnatisha watu bure.

Mzee wa Konveta (#13)

Corolla yako ya mwaka gani, ndugu? Kama ni ya miaka ya 90, hiyo giaboksi ilitengenezwa kwa oili ya Dexron, na haidroliki nyingi za stelingi ni za ukoo huo. Ndio maana inakuvumilia. Premio ya huyu kijana imeandikwa kwenye kijiti chenyewe: T-IV. Gari za baadaye zikaja na WS, ambayo ni nyepesi zaidi. Zote nyekundu. Rangi ni ya kukusaidia kujua uvujaji unatoka wapi, haikuambii ni oili ya aina gani. Klachi za ndani zinashikana kwa msuguano uliopimwa kwa oili fulani. Ukibadilisha oili, umebadilisha namna zinavyoshika.

Xtrail Masasi (#14)

Naomba mnisikilize kwenye hili maana limenila. X-Trail T31, hiyo ni CVT, haina gia kama za kina Premio, ni mkanda wa chuma unabana kwenye puli mbili. Inataka oili ya NS-2. Fundi mmoja akaniwekea ATF ya kawaida (oili ya otomatiki za gia), "nyekundu bora zaidi". Sikumaliza wiki tatu. Ilianza kuvuma kama ndege ikiruka, kisha mwendo unapanda unashuka wenyewe, kisha ikagoma kabisa kwenye mlima. Mkanda ulikuwa unateleza kwenye puli. T30 ya kaka yangu ina giaboksi ya kawaida ya gia nne, na ndiyo iliyomchanganya fundi: X-Trail na X-Trail. Jua kwanza una nini chini ya boneti.

Dereva Mstaafu (#15)

Niongeze moja la wapenda kuvutana. Otomatiki ikizima njiani usiivute kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini. Pampu inazungushwa na injini, na injini imelala, kwa hiyo ndani kunazunguka pakavu. Niliwahi kuona Vitz imevutwa kutoka Mnazi Mmoja mpaka Mtwara mjini kwa sababu ya pampu ya mafuta tu. Ilipofika pampu ikabadilishwa, injini ikawaka, giaboksi imekufa. Na kusukuma ili iwake nako haiwezekani, msijichoshe.

KoroshoGhafi (#16)

Wakuu nimerudi. Nimefanya kama Mzee alivyosema, hatua kwa hatua, mke wangu ameshika tochi.

Nimeendesha mpaka Naliendele na kurudi. Nimepaki kwenye sakafu ya zege. Injini inawaka, gia zote nimezipitia, nimerudi P. Nimechomoa kijiti, nimefuta, nimechovya. Nimechomoa tena: ncha tu ndiyo imelowa. Haikufika hata alama ya COOL, achilia mbali HOT. Nikafuta nikarudia mara tatu, nikidhani nakosea. Ncha tu. Nikazima injini, nikasubiri kama dakika tano, nikapima kama alivyopima yule fundi: oili imepanda mpaka karibu na HOT! Nimekaa chini.

Tone kwenye tishu limetanuka, katikati kahawia, pembeni lina wekundu wa mbali. Harufu imechoka ila sio ya kuungua. Hakuna maziwa.

Kuchelewa: D sekunde 2.8, 2.6, 2.9. R sekunde 3 na kitu.

Nimelala chini na tochi. Hosi ya kushoto ya rejeta, ile nyembamba, imelowa yote na vumbi limegandia kama ugali uliokauka kwenye sufuria. Klipu yake inazunguka kwa kidole. Chini ya gari nimetandika kadibodi, asubuhi nitaleta majibu.

Ming'oko Mibichi (#17)

Milioni moja na laki sita na nusu kwa ajili ya klipu. Niacheni nilie.

Mzee wa Konveta (#18)

Tusishangilie bado. Giaboksi iliyotembea na oili pungufu mpaka ikateleza mlimani imeumia kiasi, tutajua kiasi gani. Lakini sasa tunajua ilikuwa na njaa.

Kwanza hosi. Usikaze ile klipu ya zamani, tupa. Kata kipande cha mwisho cha hosi kama kina nyufa, au nunua hosi mpya ya oili ya kipenyo kilekile. Hosi ya petroli au ya maji haistahimili ile oili ya moto. Klipu mpya ya skrubu, kaza wastani.

Kisha oili T-IV. Usinunue iliyofunguliwa ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Tia kupitia tundu la kijiti kwa faneli yenye mpira mrefu, injini inawaka, nusu lita kwanza. Pitisha gia, pima. Ukikaribia alama, shuka kwenye robo lita. Usizidishe, kwa sababu ikizidi gia zinaipiga inakuwa povu, na povu halina presha. Unarudi kulekule kwa kuteleza.

Ikikaa sawa siku mbili tatu, ndipo umwage sampo na ujaze upya. Ukimwaga inatoka kama nusu tu, nyingine inabaki kwenye konveta. Ni sawa. Baada ya kilomita elfu moja mwaga tena.

kaka wa Mtanda (#19)

Mzee hapo mbona wengi wanasema giaboksi ya zamani ukiibadilisha oili inakufa? Jirani yangu IST yake ilikufa wiki moja baada ya kubadilisha.

Mzee wa Konveta (#20)

Nimeulizwa hili miaka yote, na jibu langu wengine hawalipendi. Watu wengi hawabadilishi oili mpaka gari ianze kuteleza. Wanaibadilisha ikiwa inakata roho, ikikata wanasema oili ndiyo iliyoiua. Mgonjwa aliyefikishwa Ligula yuko mahututi akafia wodini, huwezi kusema kitanda ndicho kilichomuua.

Ila kuna ukweli kidogo ndani yake. Oili chafu sana ina chembe za klachi ndani yake, na chembe hizo kwenye klachi zilizoisha zinasaidia kushika. Ukiweka mpya safi kabisa, msaada huo unaondoka. Ndio maana siungi mkono zile mashine za kusukuma oili yote kwa presha kwenye giaboksi iliyoachwa miaka. Mwaga kwa sampo, nusu kwa nusu, uipe nafasi.

Na ukifungua sampo, kabla hujaifuta angalia sumaku. Utaona vipande viwili vitatu vya sumaku chini. Uji wa kijivu mlaini kama majivu ya mkaa, hiyo ni kawaida ya umri. Vipande vya chuma vinavyochoma kidole sio kawaida. Vigamba vyeusi vyeusi, hizo ndizo klachi.

Nangurukuru Junction (#21)

Na waliopita kwenye maji masika, waangalie pia. Noah ya shemeji ilipita maji yaliyofika juu ya bampa, oili ikawa maziwa ingawa rejeta ni nzima. Giaboksi ina kipumulio juu, ikiingia kwenye maji baridi ikiwa ya moto inavuta pumzi, na inavuta maji nayo.

Mzee wa Konveta (#22)

Sahihi kabisa. Hilo nilisahau.

KoroshoGhafi (#23)

Majibu. Kadibodi asubuhi ilikuwa na duara la kahawia, kubwa kama kiganja, chini ya hosi ileile.

Hosi mpya na klipu mbili mpya, elfu ishirini na mbili zote. T-IV galoni ya lita nne, fundi mwingine wa Magomeni amekubali nikae naye, na amekubali kupima injini ikiwaka baada ya kumsomea uzi huu kwenye simu. Alicheka, lakini alisikiliza. Nusu lita, bado. Nusu lita tena, imefika COOL. Robo, robo. Jumla imekunywa lita moja na nusu.

Kuchelewa sasa D sekunde 1, R sekunde 1.3. Mlio wa mbu umekwisha, tena ulikwisha palepale tulipotia lita ya kwanza. Unausikia unakufa.

Ila "gdu!" bado ipo ninapoweka D, imepungua tu.

Mzee wa Konveta (#24)

Hiyo sasa sio oili. Fungua boneti, mtu akae garini akanyage breki kwa nguvu na hendibreki juu, wewe simama pembeni, sio mbele ya gari. Aweke R, kisha D, kisha R. Angalia injini inavyonyanyuka. Ikiruka sana upande mmoja, mauntingi (kishikizo cha raba cha injini na giaboksi) imekatika. Na angalia sailensa: ikiwa gari inakaa juu ya 1,000 ikiwa ya moto, kila ukiweka gia itagonga hata giaboksi iwe mpya ya dukani.

KoroshoGhafi (#25)

Mauntingi ya upande wa giaboksi. Raba imeachana na chuma kabisa, unapitisha kidole katikati. Injini inaruka kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Sailensa ni 750, haina shida.

BintiMikindani (#26)

Yaani mtu alitaka kubadilisha giaboksi, na ile "gdu" ingebaki hapohapo na giaboksi mpya 😂

KoroshoGhafi (#27)

Mrejesho wa mwisho wakuu, nimechelewa kwa sababu ya shughuli za mnada.

Mauntingi imefungwa, "gdu" imekwisha. Sampo imemwagwa na kujazwa, chujio jipya. Kwenye sumaku kulikuwa na uji wa kijivu, mwingi, lakini mlaini. Nimeusugua kwa vidole viwili haukuchoma. Vigamba vyeusi viliwepo vichache, nimevihesabu, vitano.

Juzi nimepanda Newala tena, arobaini ya yule marehemu, watu walewale wanne, shangazi nyuma na tasbihi mkononi tangu tunatoka nyumbani. Sehemu ileile mshale ulikaa 2,700 haukuruka. Kutoka gia ya pili kwenda ya tatu ikiwa ya moto sana inavuta kidogo, kama inafikiria, halafu inashika laini.

Mzee wa Konveta (#28)

Huko kufikiria ndiyo kovu la ule upungufu wa oili. Inaweza kukaa hivyo miaka, inaweza kuongezeka. Ukiona kufikiria kumekuwa kurefu, au mshale unapanda kati ya pili na tatu, njoo Mitwero tupime presha kwa geji kabla hujasikiliza mtu. Kilomita elfu moja zikifika mwaga tena kama nilivyosema.

KoroshoGhafi (#29)

Nitakuja hata kabla, kuna kilo mbili za korosho zilizobanguliwa zinakusubiri.

Dereva Mstaafu (#30)

Na sakafu?

KoroshoGhafi (#31)

Kadibodi mpya iko chini tangu Jumatatu. Kavu. Kuna kinyesi cha kuku tu.